Weusi wa ukumbini kwa bibi unanifia ukikauka. Nichanganye nini?

kijana_wa_Kiponda

Assalaam alaykum wenzangu. Nina swali la rangi za mafuta, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu nikilifupisha mtanijibu "nunua nyeusi nzuri", na hiyo ninayo.

Kazi yangu ni tingatinga. Mwaka wa tisa huu nachora tembo na ndege kwa rangi ya kopo, hii ya kung'aa inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, na nauza kichochoroni karibu na mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, Unguja. Kwenye kazi ile nyeusi haina maneno. Unafungua kopo, unachovya brashi, unapitisha mstari, kesho asubuhi umekauka na unang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Sijawahi hata siku moja kukaa chini nikaiwaza nyeusi.

Mwezi wa Rajabu mteja wangu mmoja, mzee wa kigeni anayekuja kila mwaka, aliniachia sanduku lake la rangi za tyubu. Mikono yake inatetemeka siku hizi, kasema hatochora tena. Zimo tyubu kumi na mbili, nyengine nusu, pamoja na chupa ya mafuta ya linsidi na tapentaini kidogo. Nikaona hizi nisizimalizie kwenye tembo. Nimchore bibi.

Picha yenyewe ni hivi. Umesimama nje kichochoroni, saa nne asubuhi. Mlango wa msaji uko wazi ubawa mmoja. Ndani ukumbini bibi kakaa juu ya mkeka na ungo wa mchele mapajani, kavaa buibui lake la kizamani kwa sababu alikuwa anataka kutoka kwenda msibani akaona bora amalize kuchambua kwanza. Nyuma yake giza. Juu boriti, nyeusi kwa umri. Kwa hiyo nina mlango, giza, buibui na boriti. Vyeusi vinne, na ukisimama pale unavitambua vyote vinne, hakuna kinachomezwa na mwenzake.

Nikavipaka vyote juu ya hadibodi, kwa nyeusi ya tyubu. Ilipokuwa mbichi, mashaallah, nilimwita mpaka jirani aje aone. Siku ya kumi imekauka: huku inang'aa, kule imepauka kama majivu ya jiko. Giza la ukumbini halina ndani, utasema mtu kakata shimo kwa mkasi akabandika karatasi. Buibui nililitia nyeupe ili mikunjo ionekane, likawa saruji. Bibi kaja kuangalia, kanyamaza muda, kisha kaniuliza, "Kwani nyumba hii imeungua lini?"

Nimesikia wachoraji wa mafuta hawaigusi nyeusi, wanachanganya rangi nyengine mpaka wanaipata. Nikachanganya. Nilitia zote, buluu, nyekundu, kijani, manjano, kahawia. Nikapata matope ya Darajani siku ya mvua.

Ninazo ultramarini (buluu), amba ya kuchomwa (kahawia), alizarini (nyekundu), viridiani (kijani), oka ya manjano, nyekundu ya kadimi, nyeupe ya titani, nyeusi, na nyengine ambazo karatasi zake zimefutika. Anayejua anisaidie.


bi_mkubwa_wa_Vuga

Waalaykum salaam mwanangu. Mpe bibi yako mkono kwa niaba yangu. Mwengine angekwambia "nzuri" akaenda zake.

Nimesomesha uchoraji skuli miaka ishirini na sita, na nimestaafu sina nguo hata moja isiyo na doa la ultramarini. Kwa hiyo nivumilie, nami nitasema kwa urefu.

Geuza tyubu yako ya nyeusi utafute herufi ndogo ndogo. Ikiwa zimeandikwa PBk9, hiyo ndiyo inayoitwa nyeusi ya pembe. Zamani ilikuwa ni pembe za ndovu kweli, zimechomwa. Leo ni mifupa iliyochomwa, jina ndilo lililobaki. (Na sie watu wa Unguja tusijifanye hatujui pembe zile zilipitia bandari ya nani.) Rangi hii si mbaya, ila ina tabia zake. Inakunywa mafuta mengi, inachelewa kukauka, na ndani yake kuna ubuluu umejificha. Kama hunisadiki chukua punje yake uitie oka ya manjano, utaona kijani cha jani la mzaituni kinatokea pale ambapo hukutia kijani wala buluu.

Sasa sikiliza hili la kina. Mimina chai ya rangi kwenye gilasi, kali, iliyochemka mpaka inataka kuwa chungu. Inyanyue dirishani. Ni nyeusi, lakini jicho linaingia ndani yake, na pembezoni unaona wekundu. Haya, itie maziwa. Jicho linagota juu, haliingii tena. Hicho ndicho kilicholipata buibui lako.

Tyubu zako zimegawika hivyo hivyo. Ultramarini, alizarini na viridiani zinapitisha mwanga. Nyeupe ya titani, oka na nyekundu ya kadimi zinaziba. Amba iko kati na kati. Weusi wenye kina unatoka kwa zile za mwanzo na amba. Yale matope yako yametokea kwa sababu uliita ukoo mzima harusini, wanaopatana na wasiopatana. Rangi mbili zinatosha, ya tatu ukipenda, na hiyo ya tatu iwe kidogo.

Kesho kabla hujagusa picha, tafuta kigae cheupe kilichobaki kwa fundi yeyote. Weka ultramarini kiasi cha punje ya kunde, na amba kiasi hicho hicho. Changanya kwa kisu, lakini usiiponde mpaka ikawa kama uji wa mtoto. Iache na michirizi. Utaona nyeusi, na utasema, bi mkubwa, si ile ile? Ngoja. Buruta kisu uikwangue iwe nyembamba mpaka weupe wa kigae utokeze. Kwenye ule wembamba rangi inasema kweli: imelalia buluu, au imelalia kahawia. Ongeza nusu punje ya upande mmoja, inageuka. Rudisha, inarudi. Huo ndio usukani, na nyeusi ya tyubu peke yake haina usukani.

Ukimaliza hapo jaribu alizarini na viridiani. Moja nyekundu inayoelekea zambarau, moja kijani cha baridi. Zinazimana, na unapata giza zito kuliko yote, ambalo ukilisukuma huku ni damu ya mzee na ukilisukuma kule ni kijani cha chini ya maji. Ikiwa kijani chako si viridiani bali kimeandikwa PG7, basi tahadhari, hicho ni ftalo, na ftalo ni pilipili mbuzi. Kiasi cha kichwa cha sindano kinatosha kuharibu sufuria nzima.

Vyeusi vyako vinne siwezi kukuchanganyia nikiwa huku Vuga, sijaviona. Lakini nuru ya vichochoro vyetu naijua. Jua lenyewe halifiki chini. Kinachoingia mlangoni saa nne ni mwanga wa mbingu ulioshuka kati ya kuta mbili, nao ni wa baridi. Kwa hiyo pale palipoguswa na mwanga paelekee buluu, na kina cha ukumbi kielekee kahawia na wekundu. Msaji: amba nyingi, alizarini kidogo. Buibui: ultramarini na alizarini, amba punje tu ya kulituliza. Na mikunjo usiitafute kwa nyeupe tupu. Chukua weusi ule ule wa buibui, uzidishie ultramarini, kisha nyeupe kama ncha ya kijiti cha kiberiti. Nimesema kiberiti, si kijiko.

Boriti nenda kaziangalie kwanza. Nina shaka kuwa si nyeusi.


fundi_chombo_Nungwi

Yakhe, mie si mchoraji, mie natengeneza mashua, huku nimeingia kutafuta wapi linsidi inauzwa rahisi. Lakini hilo la kung'aa huku na kupauka kule nalijua. Hiyo hadibodi uliipaka nini mwanzo?

Ubao mkavu unakunywa. Sisi chombo tunakinywesha sifa, yale mafuta ya papa, mpaka kishibe, maana usipokipa mafuta kitajitafutia chenyewe kutoka kwenye chochote utakachokipaka juu. Nahisi hadibodi yako imefyonza mafuta ya rangi ikakuachia unga. Hapo uchanganye buluu, uchanganye dhahabu, itapauka tu.

Na sifa usiipake kwenye picha ya bibi. Nakwambia mapema, vijana wa mjini mnaweza.


kijana_wa_Kiponda

Fundi, umenikamata. Niliipaka rangi ya maji ya ukutani, mkono mmoja, iliyobaki tulipopaka chumba cha wageni. Na pale nilipopaka nyembamba ndipo palipopauka zaidi.

Bi mkubwa, shikamoo, na ahsante. Ile ya oka nimeijaribu hapa hapa usiku huu. Kijani kweli! Nimekaa nakiangalia kama mjinga.


msanii_Michenzani

Msimzungushe kijana. Nyeusi ya tyubu itupe. Hakuna mchoraji wa maana anayeitumia, na kwenye maumbile hakuna kitu cheusi.


bi_mkubwa_wa_Vuga

Msanii, usemi huo naujua tangu nami nasoma. Ulishika nguvu kwa wale Wafaransa wa karne ya 19 waliotoka nje kuchora juani, nao walikuwa na haki yao, walikuwa wanafukuza jua. Lakini yuko Anders Zorn wa Uswidi, aliyefariki 1920, anayejulikana kwa kuchora watu kwa rangi nne tu: nyeupe, oka ya manjano, nyekundu, na hiyo hiyo nyeusi ya pembe unayotaka itupwe. Buluu hamna. Nyeusi ikikaa jirani na oka na nyekundu ndiyo inayoshika nafasi ya buluu, na ukiitia nyeupe inakupa kijivu cha baridi ambacho macho yanakisadiki kuwa ni bahari.

Kwa hiyo nyeusi haikuharamishwa. Kwa mvivu tu ndio makuruhu.

Fundi wa Nungwi kasema la maana kuliko mimi, nami nilifaa nianze na hilo. Kijana, rangi ya maji ya ukutani inafyonza kama mkate. Safari nyengine hadibodi ipake praima ya akriliki ya wachoraji, mikono miwili au mitatu, na kila mkono ukikauka upitishe msasa laini. Hiyo uliyokwisha kuipaka haijaharibika. Ikishakauka isishike kidole, chukua linsidi na tapentaini, nusu kwa nusu, matone machache juu ya kitambaa cha pamba, uipanguse pale palipopauka, kisha kwa kitambaa kikavu ufute yote yaliyozidi mpaka uone kama hukupaka kitu. Weusi utarudi mbele ya macho yako. Na hapo ndipo utakapojua weusi wako hasa ulikuwaje, maana uliopauka huwezi kuuhukumu.

Vitambaa vyenye linsidi usivikunjekunje ukavitupa kwenye kona. Vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka. Virowanishe kwenye ndoo ya maji, au vitandaze nje moja moja. Nyumba ya bibi ina boriti, na bibi kesha kuuliza kuhusu kuungua mara moja.


karafuu_ya_Wete

Hamjambo wa Unguja. Mie nipo Wete, Pemba, nachora Ijumaa na Jumapili, siku nyengine nipo shamba. Nina mawili.

La kwanza ni hizo boriti. Huku tukianika karafuu kwenye majamvi, mtu wa kuja anasema karafuu kavu ni nyeusi. Mie humpa moja kiganjani, namtoa juani. Ni kahawia iliyoiva, ina wekundu ndani, na kile kichwa cha juu chepesi kidogo kuliko mguu. Kisha naiweka juu ya buibui la mke wangu. Hapo hakuna anayesema tena nyeusi. Weusi haujulikani peke yake, unajulikana kwa aliyekaa ubavuni. Kijana, simama mlangoni, finya macho mpaka kope zikaribie kugusana, utafute pahala pamoja tu palipo peusi kuliko pote. Pamoja. Labda chini ya mkeka, labda nyuma ya ubawa wa mlango. Hapo tia weusi wako mzito kabisa. Kwengine kote punguza hatua moja, hata kama moyo hautaki.

La pili ni amba. Ina manganizi ndani yake, na manganizi inaiharakisha linsidi kukauka. Mchanganyiko wa ultramarini na amba ukiuweka Ijumaa, Jumapili kwenye paleti, ule ubao wa kuchanganyia rangi, umeshafanya ngozi. Dawa yetu ipo nyumbani: mafuta ya karafuu. Tone moja, dogo, kwenye lundo la rangi, na rangi inabaki laini siku nyengine kadhaa. Au usitie kabisa kwenye rangi: lowesha pamba kidogo, iweke pembeni kwenye bati lenye kifuniko pamoja na paleti, ufunike. Harufu yenyewe inaizuia rangi kukauka. Wachoraji wa Ulaya wanayanunua kwa chupa ndogo za bei kubwa, na sisi Chake tuna kiwanda kizima cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu.

Narudia, tone.


kijana_wa_Kiponda

Ramadhani karim jamani. Nimepotea wiki tatu, narudi na habari nzuri na ya aibu.

Nzuri kwanza. Kigae nilikipata, kilikuwa kimefunika mtungi wa maji, bibi bado anakidai. Nimepiga vipande kumi na kimoja vya weusi, kila kimoja nimekikwangua upande mmoja kama ulivyosema bi mkubwa, na pembeni nimeandika kwa penseli nilichotia. Vikiwa vizito vyote ni sawasawa, mtu hawezi kutofautisha cha tatu na cha nane. Kwenye wembamba kila kimoja kina kabila lake. Kimoja ni nili ya kufulia. Kimoja ni rangi ya piko inapoanza kufutika mkononi. Cha alizarini na viridiani kina kitu kama ndani ya zambarau iliyoiva, ukiitafuna ukaangalia ulimi wako kwenye kioo. Hicho nimekipenda mpaka nimekosa usingizi.

Boriti nilipanda ngazi na tochi. Si nyeusi. Zina wekundu uliozeeka, na kwa juu zimeota vumbi jepesi la chokaa linalozifanya kijivu upande mmoja. Miaka thelathini nalala chini yake.

Ya aibu ni mafuta ya karafuu. Ndugu yangu wa Wete, ulisema tone, mara mbili. Mie nikaona ukuta mzima wa giza, tone litafika wapi. Nikatia kifuniko kizima cha chupa ndani ya mafuta ya linsidi yenyewe, nikapaka ukumbi wote kwa mchanganyiko huo, mnene. Siku ya kumi na nane leo, ukigusa unavutika kama asali. Juzi usiku mende kateremka kutoka kwenye boriti akapita gizani mpaka karibu na ungo wa mchele, njia yake yote naiona, na miguu yake yote nimeihesabu. Bibi kapenda harufu tu. Anasema inamkumbusha jino alilong'oa.

Masika ndiyo yanaingia. Nifanye nini, nisubiri au nipake juu yake?


karafuu_ya_Wete

Nimecheka mpaka nimekaribia kuharibu saumu. Kifuniko kizima! Hiyo ndugu yangu inaweza isikauke vizuri abadani. Mafuta ya karafuu yakizidi hata ikija kukauka inabaki laini na dhaifu. Iondoe.


bi_mkubwa_wa_Vuga

Usipake juu yake, na usisubiri. Ukipaka juu ya kitu kisichokauka, cha juu kitakauka kwanza, kisha cha chini kitakwenda kinakotaka, na cha juu kitapasuka. Kwangua kwa kisu, taratibu, ufute kwa kitambaa chenye tapentaini, madirisha yawe wazi. Usijali kama kitabaki kivuli cha kahawia chini yake. Hicho kivuli ni zawadi.

Kisha anza upya kwa mpango huu. Mkono wa kwanza wa giza uwe mwembamba, amba na ultramarini zilizolegezwa kwa tapentaini, bila linsidi ya kuongeza wala karafuu. Kwa sababu ya amba utakauka upesi, hata na unyevu huu wa masika. Ukikauka, mkono wa pili uutie linsidi kidogo, na wa tatu kama utahitajika ndio uwe na mafuta zaidi. Chini pakavu, juu pana mafuta, usigeuze kamwe. Mkono wa mwisho kwa pale pa ndani kabisa, alizarini na punje ya ultramarini kwenye linsidi, nyembamba kama rangi ya chai kwenye kikombe, upitishe juu ya giza lililokauka. Usiifunike, ipitishe tu. Utaona ukumbi unarudi nyuma hatua mbili.

Na usipake giza nene kote. Tazama kazi za uzeeni za Rembrandt, yule Mholanzi aliyefariki 1669. Vivuli vyake ni vyembamba, rangi nene kaiweka kwenye mwanga: paji la uso, pua, mkono. Weye ulifanya kinyume, giza ulilipaka kama chokaa ya ukuta na uso wa bibi ukaupangusa tu.


fundi_chombo_Nungwi

Mende nae msanii. Mngemwachia njia yake.


kijana_wa_Kiponda

Nimekwangua. Ilinichukua usiku mzima baada ya tarawehe, na mende fundi nimemwondoa, samahani.

Nilipofika kwenye buibui nilikaa. Nilimwomba bibi alivae tena akae pale pale, kwa dakika kumi tu kabla ya adhuhuri. Nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Mkunjo wa goti, ule unaotazama mlango, hauna weupe kabisa. Ni buluu ya chuma, nyembamba kama uzi, na mara moja baada yake nguo inaanguka kwenye weusi wenye wekundu, kwa sababu mkeka una ukili mwekundu na unalirudishia buibui rangi yake kutoka chini. Wekundu wa mkeka ndani ya buibui! Nikaupata kwa kile kipande cha nane cha kigaeni, nikaongeza alizarini nusu punje. Mkunjo nikautia kwa pigo moja la brashi ndogo, nikaiweka brashi chini nikatoka nje nisije nikarudia.

Nyeusi ya tyubu sikuitupa, msanii wa Michenzani unisamehe. Nimeitumia pahala pamoja, kama alivyosema mtu wa Wete: uwazi kati ya ubawa wa mlango na ukuta. Upana wake kama ukucha. Nimeichanganya na ile ya alizarini na viridiani, na sasa ukumbi wote umepata pa kusimamia.

Limebaki moja. Bibi anaitaka ukutani siku ya Idi, watu wanakuja. Zimebaki siku tisa. Nipake vanishi lini?


bi_mkubwa_wa_Vuga

Vanishi usipake. Hiyo inangoja miezi sita, na ukiweza mwaka, mpaka rangi ikauke ndani na nje. Kwa Idi itundike hivyo hivyo, na kama kuna kipande kilichopauka kipanguse mafuta kidogo kama nilivyokueleza, kisha ufute.

Usiitundike panapopigwa na jua. Alizarini ya kizamani, yenye herufi PR83, inapauka kwa mwanga mkali, hasa ikiwa nyembamba, na wewe ukumbi wako wa ndani umeupitishia hiyo hiyo. Angalia tyubu, na ikiwa ndiyo, ukipata pesa tafuta iliyoandikwa ya kudumu. Lakini pia usije ukaificha kabatini ati inakauka: linsidi ikikaa gizani inageuka manjano, na kabati za huku zinaota ukungu. Ukuta wa ndani, mkabala na mlango, wenye hewa.

Na ukitutumia picha yake piga mchana karibu na dirisha, usipige usiku kwa taa ya simu. Simu hizi zikiona giza zinadhani umekosea, zinalisafisha zenyewe. Gusa kioo kwenye uso wa bibi, teremsha mwanga, ndipo upige.